Darubini Inapokosa Nyota: Kutafuta Hitilafu ya Darubini ya Kompyuta Ukiwa Kisumu, Nakuru na Magharibi ya Kenya

Darubini yenye kompyuta ikishindwa kuipata Zohali, wengi hukimbilia kuilaumu mota. Mota ni ya mwisho kushukiwa. Kinachosumbua zaidi ni umeme usiotosha, kisha saa au mahali palipoandikwa vibaya kwenye rimoti, kisha nyota ya kulinganishia (ile unayoionyesha darubini ili ijue inaelekea wapi) ambayo siyo ile iliyodhaniwa. Gia na ubao wa saketi huja baada ya hayo yote. Kwa hiyo fuata utaratibu huo huo unapotafuta hitilafu, na bisibisi ibaki mfukoni mpaka hatua tatu za kwanza ziishe. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha betri, waya na mipangilio kwa pamoja, darubini inaweza kupona bila wewe kujua iliugua nini.

Lipo pia jambo ambalo vitabu vya maelekezo haviligusi, kwa kuwa viliandikiwa watu wa Ulaya na Marekani. Ikweta inapita Maseno, kilomita 25 hivi kutoka Kisumu. Makosa mengine ambayo huko ni makubwa, huku hayadhuru. Na mengine ambayo huko hayasikiki, huku humkuta kila mwenye darubini. Tutayataja kila yanapofika.

Maelezo haya yanafaa darubini za Celestron za aina ya NexStar na za Sky-Watcher zenye SynScan. Nyingine hutofautiana hasa kwa majina ya menyu.

Umeme kwanza, hata kama taa inawaka

Rimoti kuwaka si ushahidi kwamba umeme unatosha. Kioo chake hunywa umeme kidogo sana. Mota ndizo zenye kiu: darubini ya inchi 5 hadi 8 inapofuata nyota polepole hutumia chini ya nusu ampea, lakini ikizunguka kwa kasi ya juu inaweza kufika ampea moja na nusu. Hapo ndipo betri dhaifu huanguka. Dalili zake ni hizi: unabonyeza mshale na rimoti inajizima kisha inawaka upya, darubini inakwenda vizuri kwa mwendo mmoja lakini inakwama ikitakiwa kwenda pembeni na juu kwa pamoja, ujumbe wa "No Response" unatokea na kutoweka, au darubini inaanza kukimbia bila kuambiwa.

Betri ndogo za AA ndizo chanzo kikuu. Nane za kawaida zikiwa mpya hutoa volti 12, lakini hushuka haraka mota zinapofanya kazi. Nane za kuchaji ni mbaya zaidi, kwa sababu kila moja ni volti 1.2, na zote pamoja hufikia 9.6 tu. Zichukulie kama za kujaribia darubini dukani, si za kutazamia usiku mzima.

Suluhisho rahisi kupatikana Kisumu au Nakuru ni betri ya asidi iliyofungwa, ya volti 12 na ampea-saa 7, ile inayotiwa kwenye UPS na kengele za wezi. Usiitumie zaidi ya nusu ya uwezo wake kabla ya kuichaji tena, la sivyo haitamaliza mwaka. Hata kwa nusu hiyo, ampea-saa 3.5, utapata saa 7 hivi za kazi. Weka fyuzi ya ampea 3 kwenye waya chanya, karibu na betri. Betri hizi zikigusanishwa kwa bahati mbaya hutoa mkondo wa kuyeyusha waya.

Pima kwa mita, na upime mota zikiwa zinazunguka. Betri iliyotulia na kujaa huonyesha volti 12.7, ikiwa nusu huonyesha 12.2 hivi, lakini betri iliyozeeka inaweza kuonyesha 12.6 ikiwa imetulia na kuporomoka hadi 10 mara mota zinapoanza. Mwambie mwenzako abonyeze mishale miwili kwa kasi ya 9, ile ya juu kabisa, wakati wewe umeshika ncha za mita kwenye betri. Ikishuka chini ya 11.5, betri ndiyo tatizo. Ikibaki juu ya 12 na darubini bado inajizima, tatizo liko kati ya betri na darubini: waya au plagi.

Waya mwembamba huiba volti. Waya wa mita 5 wenye unene wa milimita mraba 0.5 hupoteza karibu nusu volti kwa mkondo wa ampea moja na nusu, ukihesabu kwenda na kurudi. Waya wa 1.5, ule ule wa taa za nyumbani, hupoteza chini ya volti 0.2. Kuhusu plagi, darubini nyingi hutaka ile ya duara yenye kipenyo cha nje milimita 5.5 na tundu la milimita 2.1, chanya ikiwa katikati. Plagi yenye tundu la 2.5 inaingia vizuri kabisa, na hapo ndipo mtego ulipo: inacheza. Darubini inawaka, kisha mtu akigusa waya inasahau kila kitu. Tikisa plagi taratibu rimoti ikiwa inawaka; ikipepesa, badilisha plagi. Kama plagi ni sahihi na bado inalegea, zima umeme, kisha tanua kidogo sana kwa ncha ya kisu chembamba ule mpasuo wa pini ya katikati kwenye soketi ya darubini.

Kabla ya kuchomeka waya wowote uliotengenezewa na fundi, pima kwa mita kwamba chanya iko katikati. Kinyume chake kinaweza kuunguza ubao papo hapo. Na usiunganishe darubini moja kwa moja na paneli ya sola. Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa zaidi ya 20 ikiwa haina mzigo. Chukua umeme kwenye betri ya sola.

Adapta ya ukutani inafaa ikiwa ni ya volti 12 na ampea 2 au zaidi. Ya ruta ya intaneti mara nyingi ni ya ampea 1, na ile UPS ndogo ya ruta hali kadhalika. Soma maandishi yake kabla ya kuiamini. Hata adapta nzuri ina kasoro moja: umeme wa nyumba ukikatika kwa sekunde moja tu, ulinganishaji wote unapotea na unaanza upya. Betri haina shida hiyo.

Saa, tarehe na mahali

Rimoti nyingi hazitunzi saa zikizimwa. Kila jioni unaiandika upya, na kila jioni kuna nafasi ya kukosea.

Tuanze na tarehe. Rimoti hizi hutaka mwezi kwanza, kisha siku, kisha mwaka. Tarehe 3 Februari 2026 inaandikwa 02/03/2026. Ukiandika kama tulivyozoea, rimoti inaelewa tarehe 2 Machi, na kwa kuwa anga husogea karibu digrii moja kila siku, darubini itakosea kwa digrii 27 hivi. Kosa hili hujificha kwa sababu rimoti hukataa tu siku inapozidi 12. Kuanzia tarehe 13 utagundua mwenyewe. Kati ya tarehe 1 na 12 utahangaika bila kujua kwa nini.

Saa inaandikwa kwa mtindo wa saa 24. Saa mbili na robo usiku ni 20:15. Chukua saa kwenye simu iliyounganishwa na mtandao, wala si saa ya ukutani, kwa kuwa kila dakika moja ya kosa ni robo digrii angani, yaani nusu ya upana wa Mwezi. Ukanda wa saa ni +3. Swali la "Daylight Saving" lijibiwe "No" au "Standard", mwaka mzima. Ukikubali bila kusoma, umekosea saa nzima, sawa na digrii 15.

Mahali panaandikwa kwa digrii na dakika. Simu hutoa desimali, na hapa wengi huteleza. Longitudo ya 34.76 haimaanishi digrii 34 na dakika 76. Zidisha sehemu ya desimali kwa 60: 0.76 mara 60 ni dakika 45 na ushee. Namba za miji ni hizi, zinatosha kwa darubini ya uani:

Kisumu: 0°06′ Kusini, 34°45′ Mashariki
Nakuru: 0°18′ Kusini, 36°04′ Mashariki
Kericho: 0°22′ Kusini, 35°17′ Mashariki
Kakamega: 0°17′ Kaskazini, 34°45′ Mashariki
Bungoma: 0°34′ Kaskazini, 34°34′ Mashariki
Eldoret: 0°31′ Kaskazini, 35°16′ Mashariki
Kitale: 1°01′ Kaskazini, 35°00′ Mashariki

Hapa ndipo ikweta inapobadilisha hesabu. Mtu wa London akikosea kati ya Kaskazini na Kusini, usiku wake umeharibika. Mtu wa Kisumu akikosea hivyo, kosa ni dakika 12 tu za digrii, chini ya nusu ya upana wa Mwezi, na ulinganishaji wa nyota mbili utalimeza. Kosa linaloua huku ni la Mashariki na Magharibi. Rimoti nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa W, kwa ajili ya Marekani. Ukiandika 34°45′ na kuacha W, rimoti inaamini uko katikati ya Atlantiki, na anga yake imepishana na yako kwa digrii 69 na nusu. Kagua herufi hiyo kabla ya namba yenyewe.

Jinsi ya kujua kwamba kosa liko hapa: rimoti inakuambia sayari ya Mshtarii iko chini ya upeo wa macho wakati wewe unaiona juu ya paa la jirani. Au inapendekeza nyota za kulinganishia ambazo hazijachomoza. Dalili nyingine ni ya siri zaidi: nyota zinapatikana vizuri, lakini Mwezi unakosewa kwa digrii moja au mbili. Mwezi husogea kati ya nyota kwa takriban upana wake mwenyewe kila saa moja, kwa hiyo ukanda uliokosewa kwa saa 3 unausogeza kwa digrii moja na nusu. Ukiona hivyo, rudi kwenye saa na mahali, usiguse kitu kingine.

Kulinganisha na nyota

Kwanza kabisa, kilengeo, ile darubini ndogo au nukta nyekundu juu ya bomba kubwa, lazima kielekee mahali pamoja na bomba. Fanya kazi hiyo mchana. Tafuta ncha ya mnara wa simu ulio mbali, angalau nusu kilomita, iweke katikati ya lenzi ya kutazamia, kisha zungusha skrubu za kilengeo mpaka nacho kionyeshe ncha ile ile. Usiielekeze karibu na Jua, na usiache bomba wala kilengeo bila kifuniko uani mchana. Jua letu la saa sita hupita karibu na utosi na linaweza kuingia kwenye bomba lililosimama wima.

Usiku, anza na lenzi ya milimita 25. Ipate nyota, ihamishe katikati, kisha weka lenzi ya milimita 10 na uiweke katikati tena. Ukipata shida kujua katikati ni wapi, haribu fokasi mpaka nyota iwe duara kubwa. Duara ni rahisi kulipima na ukingo kuliko nukta. Msogeo wa mwisho kabla ya kubonyeza "Align" uwe kwa mshale wa juu na mshale wa kulia peke yake. Gia zina ulegevu, na kompyuta inahesabu kwamba ulegevu huo umekwisha kuvutwa upande huo. Ukivuka, rudi nyuma kabisa, kisha uikaribie nyota tena kwa juu na kulia. Kosa hili dogo ndilo hufanya darubini ilenge vizuri upande mmoja wa anga na kukosa upande mwingine.

Nyota mbili za kulinganishia zitofautiane kwa upande, kati ya digrii 45 na 135 ukizunguka upeo wa macho, na kila moja iwe kwenye kimo cha kati, si juu ya digrii 65 na si chini ya 20. Kwa saa mbili usiku, jozi hizi zinafaa Kenya magharibi:

Januari: Capella na Sirius.
Aprili: Sirius na Pollux, masika yakikupa nafasi.
Juni: Arcturus na Rigil Kentaurus.
Septemba: Vega na Antares.
Novemba: Altair na Fomalhaut.

Darubini ikilenga vibaya baada ya rimoti kusema "Align Success", shuku kwamba nyota haikuwa yenyewe. Rimoti haina macho. Hukubali nyota yoyote uliyoiweka katikati. Rigil Kentaurus si Rigel. Rigil Kentaurus iko kusini, karibu na Msalaba wa Kusini, ikiwa na jirani yake Hadar. Katika jozi hiyo, Rigil Kentaurus ndiyo inayong'aa zaidi, na Hadar ndiyo iliyo karibu zaidi na Msalaba. Canopus na Sirius huchanganywa pia kwa sababu zote mbili ni kali. Sirius ndiyo kali kuliko zote, na mshipi wa Orion (nyota tatu zilizopangana mstari) ukiufuata upande wa kusini mashariki unakupeleka kwake. Pollux ina pacha wake Castor, na Pollux ndiye mwenye rangi ya manjano kidogo na mng'ao zaidi. Programu ya ramani ya nyota kwenye simu inamaliza ubishi huu kwa dakika moja.

Na usitumie sayari pale rimoti inapoomba nyota. Zuhura jioni inang'aa kuliko nyota zote na imewadanganya wengi. Ukitaka kutumia sayari, chagua njia ya kulinganisha inayoziruhusu, kama SkyAlign ya Celestron, inayokubali vitu vitatu vyovyote vinavyong'aa, sayari na Mwezi zikiwemo.

Darubini zinazoanza zikiwa zimeelekezwa kaskazini hukosea pia kwa sababu ya dira. Tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na ya kweli kwetu haifiki digrii mbili, kwa hiyo iache. Kinachopotosha dira ni chuma: gari lililoegeshwa, nguzo ya lango, mabati, na hata miguu ya darubini yenyewe. Simama hatua kadhaa kando unaposoma dira. Anga nayo inakupa kipimo bora: hapa ikweta, mshipi wa Orion huchomoza mashariki kamili na kuzama magharibi kamili.

Utosi, mahali pagumu zaidi kwetu

Hili ndilo jambo ambalo vitabu haviligusi. Darubini inayokwenda kushoto-kulia na juu-chini haiwezi kufuata vizuri kitu kinachopita utosini. Kitu kikiwa kinapanda mashariki, bomba hupanda nacho taratibu. Kikifika juu kabisa, bomba lazima lijizungushe karibu nusu duara kwa muda mfupi ili likifuate kikishuka magharibi. Mota inanguruma, nyota inatoka kwenye lenzi, nawe unadhani gia imevunjika.

Huko Ulaya vitu vichache tu maarufu hupita utosini. Kwetu ni msururu mzima, kwa sababu ikweta ya anga, mstari wa kuwaziwa ulio juu ya ikweta ya dunia, inapita juu ya vichwa vyetu. Mintaka, nyota ya kaskazini zaidi kwenye mshipi wa Orion, iko kusini mwa ikweta ya anga kwa digrii 0 na dakika 18 hivi, sawa na latitudo ya Nakuru, kwa hiyo hupita juu kabisa ya mji huo. Wingu la Orion linalopendwa na kila mtu hupita digrii 5 tu kando ya utosi.

Dawa yake ni ratiba. Vitazame vitu hivi vikiwa chini ya digrii 70. Katikati ya Januari, saa mbili usiku, wingu la Orion liko digrii 50 hivi upande wa mashariki, na hapo darubini inalifuata bila shida. Litafika juu karibu saa nne na nusu. Kati ya saa tatu na robo na saa sita hivi geukia kusini au kaskazini, kisha ulirudie likiwa magharibi. Usichukue nyota ya kulinganishia iliyo utosini, kwa sababu kosa dogo la kuiweka katikati huwa kosa kubwa la upande.

Bomba fupi lililobebwa na mkono mmoja lina hatari nyingine. Likiwa limesimama wima na kamera nyuma yake, kamera hugonga kitako. Weka kikomo cha kimo kwenye menyu ya "Slew Limits", digrii 65 au 70 ukiwa na kamera. Na kama rimoti inakataa kwenda juu ilhali mchana ilikwenda, kikomo hicho hicho ndicho cha kukagua kwanza.

Nyota inateleza

Ukipata nyota na ikatoka, pima inachukua muda gani. Dunia ikizunguka, nyota iliyo karibu na ikweta ya anga husogea digrii moja kila dakika 4. Kwenye darubini ya inchi 8 yenye lenzi ya milimita 25, eneo unaloliona ni digrii 0.6 hivi, kwa hiyo mota zikiwa hazifuati kabisa, nyota inatoka katikati hadi ukingoni kwa dakika moja na kidogo. Ukiona kasi hiyo, ufuatiliaji umezimwa. Kwenye Celestron fungua menyu, "Tracking", kisha "Mode", uhakikishe ni "Alt-Az". Halafu "Rate" iwe "Sidereal". Mtu aliyetazama Mwezi jana akaacha "Lunar" ataona nyota zikiteleza polepole leo.

Ikiteleza polepole zaidi, dakika kumi au zaidi, kagua ardhi. Udongo mweusi wa Kano na Ahero hulainika mvua ikinyesha, na miguu huzama taratibu usiku kucha. Weka kipande cha kigae au ubao mpana chini ya kila mguu. Pima maji ya mwashi inatosha kusawazisha. Kutosawazika kwa digrii moja au mbili hakuharibu ulinganishaji wa nyota mbili. Kusogea baada ya kulinganisha ndiko kunakoharibu.

Nyota ikibaki tuli, kisha irukie kando ghafla, hapo ni mitambo. Mizani ya bomba huenda si sawa: ukiongeza kamera nyuma, sogeza bomba mbele kwenye reli yake. Skrubu ya klachi, ile inayofunga bomba lisizunguke ovyo, huenda imelegea na inateleza; kaza kwa mkono, usitumie koleo. Kama ukibonyeza mshale nyota inasubiri sekunde kadhaa kabla ya kusogea, ongeza namba ya "Anti-backlash" (fidia ya ulegevu wa gia) kuanzia 20, ukipanda kidogo kidogo. Ikizidi, nyota itaruka mara unapobonyeza; punguza. Na washa "Cordwrap" ikiwa waya wa umeme huzunguka kwenye miguu.

Rimoti inasema haipati jibu

Kwenye Celestron, "No Response 16" inahusu mota ya mwendo wa pembeni na "No Response 17" ile ya juu-chini. SynScan husema "Both Axes" ikiwa zote mbili hazijibu. Zote zikinyamaza kwa pamoja, ni umeme au waya wa rimoti, si mota mbili kufa usiku mmoja. Zima, chomoa waya wa rimoti pande zote, kagua pini za dhahabu kwenye plagi. Unyevu wa ziwa huzitia kutu. Zisafishe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, au dawa ya kusafishia viungo ya mafundi wa elektroniki. Spiriti ya rangi ya dukani huacha utando. Subiri ikauke, kisha chomeka mpaka isikike ikilia. Jaribu pia tundu jingine la rimoti kama lipo.

Ikiwa ni namba moja tu inayorudi, na umeme umepima sawa, basi ni waya wa ndani unaokwenda kwenye mota hiyo, enkoda yake au ubao. Mota inayokimbia kwa kasi ya juu bila kusimama ukiiwasha mara nyingi inaashiria enkoda, kile kisahani kinachohesabu mizunguko, kuwa na vumbi au waya uliochomoka. Hapo kazi ni ya fundi mwenye subira, naye apewe picha za kila kiungo kabla ya kukichomoa.

Usichomeke waya wa mtandao wa kompyuta kwenye tundu la rimoti kwa sababu tu unaingia. Matundu hayo yanafanana lakini yana umeme wa volti 12 kwenye baadhi ya pini, na yameua rimoti na kompyuta vilevile.

Simu haiunganishi

Simu ikigundua kwamba Wi-Fi ya darubini haina intaneti, huiacha kimya kimya na kurudi kwenye data. Zima data kabla ya kuunganisha, ruhusu programu itumie eneo lako, na ukiulizwa kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali. SynScan hutumia anwani 192.168.4.1, Celestron hutumia 1.2.3.4. Usitumie rimoti na simu kwa pamoja mpaka ujue darubini yako inaruhusu.

Kitako cha ikweta

Wenye vitako vya ikweta, vile ambavyo mhimili wake mmoja hulazwa sambamba na mhimili wa dunia, wana shida ya pekee. Mhimili wa dunia ukiwa Kisumu unalala karibu sambamba na ardhi, na vitako vingi haviwezi kushuka chini ya digrii 10 au 15. Uzito wa kusawazisha hugonga mguu. Nyota ya Polaris nayo iko kwenye upeo wa macho kabisa, haitumiki. Unaweza kufupisha mguu wa upande wa ncha ya dunia inayolengwa ili kitako kiiname, ukiwa umetundika mfuko wa mchanga kwenye mguu wa nyuma. Lakini ukiwa bado hujanunua, nunua kitako cha kawaida cha pembeni na juu. Na kwa kitako cha ikweta, tofauti ya N na S ina maana hata hapa, kwa sababu huamua mota igeuke upande gani.

Programu ya ndani, kama hatua ya mwisho

Ikiwa yote yamekaguliwa, rudisha mipangilio ya kiwandani kwenye menyu ya "Utilities" au "Setup" kwa jina "Factory Setting", andika upya saa na mahali, ujaribu tena. Ikishindikana ndipo usasishe programu ya ndani. Kwenye rimoti za SynScan za zamani, shikilia 0 na 8 kwa pamoja unapowasha. Tumia laptopu iliyojaa chaji na betri ya darubini iliyojaa, usiku usiotegemea umeme wa ukutani, kwa sababu sasisho likikatika katikati rimoti huamka ikionyesha "Boot Loader" na haiendelei. Likitokea, usitupe rimoti: rudia sasisho kutoka mwanzo, na kwa kawaida hukubali mara ya pili.